Damu ya Mtu Nisiyemjua

Jumanne, Mbeya. Ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza tangu alfajiri na mpaka saa hizi haujaondoka. Nimevaa koti ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Leo nimepimwa moyo.

Mnaonisoma hapa mnanijua kwa mambo mengine. Nimegombana na wachungaji, nimegombana na wanasiasa, na wiki iliyopita niligombana na mwalimu mstaafu kuhusu lugha ya kufundishia mpaka akaniita kichaa mwenye kamusi. Leo sina adui. Nina moyo tu, na nimeuona kwenye kioo cha mashine ukijikunja na kujikunjua kivivu, kama mtu anayepanda mlima na gunia la viazi mgongoni.

Tangu Pasaka nimekuwa nikihema nikipanda kutoka sokoni Mwanjelwa. Nililalia mto mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu. Jioni soksi zinaniachia mfereji miguuni. Nikasema ni umri. Nikasema ni baridi. Mke wangu, ambaye hasomi blogu hii kwa sababu, asemavyo yeye, kelele zangu anazipata bure nyumbani, ndiye aliyenikokota hospitali.

Daktari wa moyo ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Akaniuliza kama utotoni niliwahi kuugua ugonjwa mkubwa. Nikampa jibu ninalolitoa katika kila hospitali tangu nipate akili: nilivimba taya, nikapelekwa Dar es Salaam, nikaongezewa damu, nikapona.

Akaweka kalamu chini.

"Damu hiyo, baba, mkojo ulikuwaje baada ya kuwekewa?"

"Mwekundu. Mama alisema damu mbovu inatoka kuipisha nzuri."

"Na nywele?"

"Zilinyonyoka zote. Nilikuwa kama yai."

Akatikisa kichwa polepole. "Baba yangu, hiyo haikuwa damu. Ulikuwa na kansa, na hiyo ilikuwa dawa ya kansa. Ipo dawa nyekundu namna hiyo. Inaokoa watoto, lakini wengine inawachosha moyo, na uchovu huo unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Aliyepewa anatakiwa kupimwa moyo kila baada ya muda, hata kama anajiona mzima. Wewe uliwahi kupimwa?"

Mimi, ninayejibu kila mtu kwa kila jambo, nikajibu kwa neno moja: hapana.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli ya kwenda Zambia ikiwa bado inajengwa. Baba alikuwa kibarua huko relini. Sisi tuliishi kijijini nje ya Iringa, upande wa mama, kwenye baridi inayong'ata masikio. Nakumbuka moshi wa kuni za mwanzi. Nakumbuka ulanzi, pombe ya mianzi, ukichuruzika kwenye vikombe vya mianzi, na wajomba zangu watatu wakiusifia kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Niliwapenda wajomba wale. Walinifundisha kutega panya buku na kutukana kwa Kihehe.

Taya lilipovimba, watu walisema jino. Likazidi, wakasema jirani karoga. Hospitali ya kwanza walisema sina damu, wakataka ndugu wajitolee. Wajomba walikuwepo asubuhi. Ilipotajwa sindano, mmoja alikumbuka mbuzi wake, mwingine shamba lake, na wa tatu hakuaga kabisa. Basi mama akanifunga mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka saba na miguu yangu ikining'inia, akapanda basi la Dar.

Huko wakatundika chupa nyekundu. Mama hakuuliza. Angeuliza nini? Alikuwa ametoka kuambiwa mtoto hana damu, na sasa anaona wekundu ukishuka tone kwa tone kwenye mkono wa mtoto. Nesi alisema, "Hii ndiyo itakayomponya," na akapita. Mama akapiga magoti palepale wodini, akamwombea mtu asiyemjua aliyetoa kile ambacho ndugu zake mwenyewe walikinyima.

Kitanda cha pili alilala msichana wa rika langu, Kabula. Wazazi wake walikuwa wameshuka na ng'ombe kutoka Usukuma mpaka mbuga za Usangu, wakajenga karibu na Madibira. Taya lake lilikuwa upande wa kushoto, langu kulia. Manesi walituita pacha. Naye alitundikiwa chupa nyekundu. Mimi nilikuwa nikipiga mayowe, yeye akinicheka. "Mimi nimewekewa ya mtu mpole," alisema. "Wewe umewekewa ya jambazi."

Neno hilo lilitufuata nyumbani. Shangazi yangu wa Mbeya alilisafisha kidogo: si jambazi, ni askari. Kila nilipompiga mtoto wa mtu, kila nilipombishia mwalimu, shangazi alipiga makofi. "Mwacheni! Hiyo ni damu ya yule askari!" Nilikua nikiamini hivyo. Kusema kweli, nilijivunia. Nilipoandika makala yangu ya kwanza na mhariri akaniita mchochezi, nilicheka peke yangu nikamshukuru askari wangu.

Na mama akaweka desturi. Mahindi ya kwanza ya kila mwaka hatukuyala sisi. Aliyachoma, akatutuma barabarani na ungo, tumsubiri mgeni. Jirani hahesabiki. Binamu hahesabiki. Lazima awe mtu tusiyemjua hata jina, kwa sababu mwenye damu naye hatukumjua. Siku za ukungu barabara haina mtu. Tulikaa kwenye majani yenye umande, mate yakitujaa mdomoni, mahindi yakipoa, mpaka atokee mpita njia mmoja, ashtuke kuona watoto wanamkimbilia na chakula. Wengine walitukimbia, wakidhani ni uchawi.

Sijawahi kula mahindi matamu kama yale tuliyoruhusiwa baadaye.

Wajomba hawakuwahi kuletewa hata punje. Mama hakukaa nao tena kwenye ulanzi. Walikufa mmoja mmoja, na kwenye kila msiba mama alikaa nyuma, kimya.

Sasa nirudi kwenye hasira yangu, maana bado ninayo hata kama askari hayupo. Simlaumu mama. Simlaumu hata yule nesi, alikuwa na watoto wengi na mikono miwili. Ninaligombeza neno "amepona." Tunalisema, tunapiga vigelegele, tunachinja kuku, halafu tunafunga mlango. Hakuna anayemwita mtoto yule akiwa na miaka ishirini, thelathini, arobaini, amwambie: njoo tusikilize moyo. Tunajua kuwaombea watoto wagonjwa. Watoto waliopona tunawasahau, kwa sababu furaha haina kumbukumbu ya kilichotumika kuinunua.

Daktari anasema moyo wangu unasukuma kwa udhaifu, lakini haujakata tamaa. Kuna vidonge. Nipunguze chumvi, nirudi nipimwe tena. Nikamuuliza kama niache kugombana na watu. Akasema, "Hiyo haipo kwenye kipimo, baba. Muulize mama hapa." Mke wangu akaangalia dirishani.

Mchana nilimpigia mama. Amezeeka sana, lakini simu anaishika kama jembe.

"Kamwene, mama," nikamsalimia Kihehe.

"Kamwene, baba. Unahema. Kwa nini unahema?"

Nikamweleza. Kansa, dawa nyekundu, moyo, vidonge. Kwamba hakukuwa na damu. Hakuna mtu aliyetoa.

Nilisikia kuku wake.

"Utakufa?" akauliza.

"Si kwa hili, nikimeza dawa. Ndivyo alivyosema."

"Meza." Nikamsikia akiwafukuza kuku. "Kwa hiyo kaka zangu nilikuwa nawapima kwa mtu ambaye hakuwepo."

"Walikimbia kweli, mama."

"Walikimbia kweli. Waliogopa sindano. Hata mimi naiogopa." Akavuta pumzi. "Wamekufa nimewanunia, mwanangu."

Nina rafu nne za vitabu hapa, na hakuna hata kimoja kilichonipa sentensi.

Halafu akacheka, kile kicheko chake kidogo cha puani. "Basi huo ukali wote, hiyo midomo, kumbe ni yako mwenyewe!"

"Ni yangu, mama. Labda na yako."

"Usinitukane." Kisha, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni: "Na yule mtoto wa kitanda cha pili? Yule wa ng'ombe? Naye alitundikiwa ile nyekundu. Yeye amepimwa?"

Miaka yote hii nimedai majibu kutoka kwa wakubwa wa nchi hii. Sijawahi kuuliza Kabula yuko wapi.

Jumamosi ninakwenda Madibira. Vidonge nitakuwa navyo mfukoni. Sina anwani, nina jina na upande wa taya, na wafugaji hukumbuka ukoo kuliko ofisi yoyote. Pengine anafuga, pengine analima mpunga, pengine ni bibi wa watu anayehema akitoka kisimani na kusema ni umri. Pengine nimechelewa.

Mama ameniagiza nipitie kwake kwanza nichukue mahindi ya kuchoma. Nikamkumbusha kwamba mwenye damu hakuwepo, desturi imekwisha.

"Nani kasema ni ya mgeni?" akajibu. "Mpelekee pacha wako. Na ukifika, usianze kugombana. Msikilize kwanza anavyohema."