Ng'ombe wa Rangi ya Nembo

Walikale, tarehe 4 Machi

Kwa Papa mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Mama, na ng'ombe wote pia, wasije wakanuna nikiwasahau. Mimi ni mzima. Malaria ya Januari imeniacha na nimeanza hata kunenepa, mwambie Mama asiwaze. Nanyi je? Goti la Mama linasemaje? Mvua huko Bihambwe imewaachia majani?

Barua hii anawaletea Généreuse, yule anayeshuka huku na fromage, zile jibini zenu, na kupanda na mawese yetu. Mpeni maziwa, maana njia inamchosha na huku mtandao wa simu umekufa tena.

Kazi ipo, Papa. Ile shule mpya ya urambazaji hapa kando ya mto Lowa imenipa nembo za wanafunzi wote nizishone. Directeur wao alitoka mbali, kule Mto Kongo unakomwagikia baharini, na anasimama nyuma ya mashine yangu kama mwenye duka. "Umuhoza, usishone kitu haujue maana yake." Basi nimejifunza. Bleu ni maji, na ni uaminifu. Katikati kuna nanga, kile chuma kizito ambacho mashua inashusha chini ili maji yasiichukue. Nanga ni tumaini, na ni nyeupe kwa ajili ya moyo safi. Kamba ya dhahabu inayoizunguka ni umoja, maana mtu peke yake havuti mashua. Halafu kuna nukta mbili, nyekundu kushoto na kijani kulia. Hizo ni taa, ili anayekuja mbele yako ajue unaelekea wapi, msigongane.

Najua umeshakunja uso ukisema huyu mtoto anazunguka nini. Ni kweli nazunguka. Kuna mwanafunzi mmoja, Thierry, aliyenirudishia nembo yake tena na tena akidai nanga imelala upande. Haikuwa imelala hata kidogo. Nampenda, Papa. Ni mtu wa hapa hapa, wa msitu, na baba yake anavusha watu kwa pirogue, mtumbwi wa gogo. Kwao mahari ni mbuzi, lakini amesema atajifunza ya kwetu. Anataka kuja kuwaona, na mimi sitaolewa bila neno lako. Naomba umpokee.

Mtoto wako,
Umuhoza


Bihambwe, tarehe 19 Machi

Kwa mama yangu Umuhoza,

Salamu zako zimefika na ng'ombe wamezipokea bila kununa. Sisi ni wazima. Goti la Mama yako linauma siku za kulima. Siku za harusi za watu linacheza kuliko mimi. Majani yapo, Mungu asifiwe. Généreuse alikunywa maziwa mpaka nikaogopa kwa ajili ya ndama.

Barua yako nimemsomea Mama yako, kisha nikamsomea jirani yetu Rukundo, maana ndiye msemaji wetu katika ndoa zote za ukoo na angekasirika akisikia kwa wengine. Sasa sikiliza. Mimi nimefuga tangu niote meno. Namjua bihogo, mwekundu wa kuiva. Namjua gaju, rangi ya majani makavu. Namjua mweusi, mweupe na wa madoa. Ng'ombe wa bleu sijamwona. Rangi ambayo Mungu hakumpa ng'ombe hata mmoja, ninyi mnaifanya uaminifu? Na hiyo Lowa yenu niliivuka zamani, ina rangi ya chai ya maziwa. Mwambie directeur wako.

Lingine nakuandikia bila kucheka. Huyo kijana simchukii, simjui. Ninachoogopa ni maji. Mtu wa ng'ombe jioni anarudi nyumbani, kwa sababu ng'ombe wanarudi. Mtu wa mto leo yuko Walikale, kesho maji yamemteremsha, keshokutwa mnaulizana. Siku utakayougua, nani atakuwa mlangoni? Sitaki mkwe wa kupita, mama. Wewe ni mmoja tu kwangu.

Basi mpelekee maneno yangu hivi: kama hiyo bleu yake ni uaminifu wa kweli, aniletee ng'ombe wa rangi hiyo hiyo, na binti nitampa.

Papa yako,
Rukara


Walikale, tarehe 3 Aprili

Kwa Papa mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama, na kwa goti lake linalochagua siku. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Papa, umenimaliza! Barua yako nilimsomea Thierry kwa sauti, na nilipofika kwenye ng'ombe wa bleu nikashindwa kuendelea kwa kicheko. Nawajua ninyi wazee. Baba wa binti anaanza kwa kukataa, anadai kisichopatikana, akitaka anadai hata mwezi, na msemaji wa kijana anamjibu kwa maneno matamu mpaka watu wanafungua bia. Nimekua nikiyasikia hayo nyuma ya pazia.

Thierry hakucheka sana. Aliniuliza tu mtamba mweupe, jike ambaye hajazaa bado, anapatikana wapi. Nikamwambia ajaribu Nyabiondo. Nilifurahi kwamba sasa anawaza ng'ombe badala ya mbuzi. Ameondoka leo kwa pikipiki, na shule imempa ruhusa ya juma moja.

Lakini lile la mkwe wa kupita halikunichekesha. Limeniuma, kwa sababu hata mimi nimeliwaza nikiwa peke yangu kwenye mashine. Mwangalie wewe mwenyewe, Papa, una macho kuliko mimi.

Mtoto wako anayekuamini,
Umuhoza


Walikale, tarehe 22 Aprili

Kwa Papa,

Nawasalimu wote. Leo sitaweza kusalimu kwa urefu, nisamehe.

Thierry hajarudi. Ruhusa yake imekwisha zamani, wenzake wako kwenye mitihani ya mwisho ya kuendesha mashua, na tarehe 10 Mei wanapewa diploma. Baba yake amekuja kwangu mara mbili. Mara ya pili alikaa tu kwenye kiti cha wateja, kisha akaenda zake. Nimeulizia kwa madereva wa pikipiki, wanasema njia ilikuwa wazi na hakuna aliyeanguka. Kwa hiyo kama si njia ni ninyi, au ni yeye. Mmemkataa? Amefika kweli? Au ameona kilima, ameona ng'ombe, akageuka akaenda kwingine?

Généreuse amefika jana kutoka kwenu. Nikamrukia hata kabla hajashusha mizigo. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alishika mti, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akaniambia, "Ungoye barua, dada. Hii maneno haiwezi kusemwa na mudomo, utaniita muongo." Sasa sijui nilie au nimpige. Nimemrudisha na barua hii leo leo.

Papa, niandikie. Hata kama ni mabaya.

Mtoto wako,
Umuhoza


Bihambwe, tarehe 26 Aprili

Kwa mama yangu Umuhoza,

Tuliza moyo. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilitaka kuona mwisho kwanza. Kijana ni mzima na anakula kuliko mimi. Mama yako ni mzima, mimi ni mzima, ng'ombe wote ni wazima isipokuwa mmoja, na huyo ndiye habari yenyewe.

Ilikuwa siku ya soko. Nimekaa mbele ya nyumba na Rukundo, tukaona watoto wanapanda kilima mbio, wengine wanacheka, wengine wanalia. "Mutoke muone! Ngombe ya bleu!" Nikasema watoto wa siku hizi wana uongo. Mara akatokea. Umuhoza, alikuwa bleu. Pembe bleu, kwato bleu, mkia bleu. Nyuma yake kijana mrefu, shati limepigwa pasi, mikono bleu mpaka viwiko, na ile nembo yako kifuani. Mama yako alijishika mdomo. Mzee wa kanisa aliyekuwa anapita alivua kofia.

Kijana akasalimu vizuri, kichwa chini. "Papa, niko naleta ile ngombe ulisema. Kama rangi haitoshi, poda ingine iko mu mufuko."

Baadaye alitueleza yote. Alimpata mtamba mweupe Nyabiondo, akanunua ile poda ya bleu tunayotia kwenye maji ya kufulia mashati meupe, akamwogesha ng'ombe mzima. Alikuwa anaweka nembo ubavuni mwake analinganisha, anaongeza poda, analinganisha tena, mpaka zikafanana. Mtu wa mbuzi! Kwetu hata mtoto anayenyonya anajua kwamba dai la baba wa binti linajibiwa kwa maneno.

Rukundo alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia, "Kijana, ile ilikuwa maneno ya kucheka. Kwetu njo vile tunaanzaka ndoa. Ungejibu na mudomo tu." Hapo kilima kizima kikalipuka. Mimi sikumwangalia ng'ombe tena, nilimwangalia yeye. Nikajiambia, sasa anaondoka, aibu imempa ruhusa. Masikio yalimwiva. Kisha akacheka mwenyewe, kicheko kikubwa, akaomba ndoo ya maji amwogeshe.

Poda haikutoka yote. Na mtamba alikuwa amejilamba njia nzima, kwa hiyo kesho yake alikataa majani. Nikamwambia kijana aende, masomo yanamngoja, sisi ndio wenye kujua ng'ombe. Akaniangalia kama nimemtukana. "Papa, iko mugonjwa juu yangu. Nitaiacha namna gani?" Akatandika mkeka kando ya zizi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yako alimpa ndoo. Sasa anakamua. Anakamua vibaya, maziwa mengine yanaingia kwenye kiatu chake, lakini ng'ombe wanamvumilia. Kila asubuhi anamsugua yule mtamba, anamnywesha maji ya chumvi kwa kiganja, anamwimbia nyimbo za kupigia kasia. Mama yako ameshazishika hizo nyimbo, anaziimba akisukasuka maziwa, na mimi nimekuwa kama niko ndani ya pirogue.

Juzi nilimwambia anisomeshe nembo. Kwenye bleu tulibishana mpaka chakula kikapoa na bado hajanishinda. Akafika kwenye zile taa mbili. "Papa, hii inaonesha mwengine ni upande gani unatokea." Nikamwuliza, Umuhoza alipokusomea barua yangu aliwasha ipi? "Hata moja, Papa. Yeye alikuwa anacheka tu." Basi kosa ni lako, mama, na nitakukumbusha mpaka uzeeke.

Leo asubuhi nilikwenda zizini nikamkuta amesinzia, ameegemea ubavu wa mtamba. Na mtamba anakula. Anakula majani kwa fujo, kama wa kwetu. Machozi yalinitoka, na sioni haya kukuandikia hivyo. Niliuliza nani atakuwa mlangoni siku utakayougua. Ameiacha shule yake, mitihani yake, na wewe mwenyewe unalia huko, kwa ajili ya mnyama asiyemjua, kwa sababu yeye ndiye aliyemwumiza. Wewe atakuacha vipi?

Nimemfukuza mwenyewe arudi kwenye mitihani yake. Atakuwa hapo karibu pamoja na barua hii, usimgombeze kwa sababu ya mikono yake, haijatoka rangi. Mimi na Mama yako tutashuka kwa diploma, goti limekubali safari. Rukundo amenuna, anasema nimemharibia hotuba yake ya kukataa aliyoiandaa. Nimemwambia akatae peke yake nyumbani kwake. Mimi nimeshakubali.

Papa yenu,
Rukara