Saini Yako kwa Mkono Wangu

Dada Nekesa mpenzi,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba kwa jina la mama yetu: maneno haya yaishie machoni pako. Usimsomee mtu, hata yule msichana mnayelala naye chumba kimoja, uliyesema ni mwema. Ukimaliza, ichane barua na vipande uvimwage chooni. Nimeandika kwa Kiswahili cha nyumbani makusudi, maana ajenti aliyekupeleka huko kazini anasoma Kiingereza na Kiluganda, na tajiri wako anasoma chake. Anayekuletea ni Zamu, binti wa Mama Halima wa Makindye. Amepata kazi katika mji huohuo uliko na ameahidi kukutafuta. Nimemwambia ni habari za Baba tu.

Baba hajambo. Anajua huna simu. Hajui kwamba huu ni mwezi wa tatu bila neno kutoka kwako.

Tasnifu yako imeingia. Nimeikabidhi mimi, na aliyeipokea dirishani ni mimi.

Nataka nikueleze taratibu, kwa sababu nikikimbia nitaruka jambo. Unakumbuka jinsi ilivyoanza, kule hospitali ya Mulago, tulipokaa na wanawake wanaouguza ndugu zao? Wewe na maswali yako kumi na mawili, mimi na kile kinasa sauti nilichokuwa nakikagua kila dakika nikiogopa kimezima. Nilikuwa sijapata kazi hii ya ukarani chuoni bado. Yule mama wa watoto mapacha, mke wa askari, alikuwa anakoroga uji. Akakutazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Nyinyi watu ya yunivasiti, kazi yenu kuandika tu. Sasa andika na hii: njaa inaniuma."

Wenzake wakacheka. Wewe hukucheka. Uliandika, ukamsomea ulichoandika, na yeye akasema, "Eh! Kumbe huyu anasikia." Ukavua sweta ukakaa chini kwenye mkeka wake, na maswali kumi na mawili yakachukua alasiri nzima. Tukirudi nyumbani Kyebando kwa miguu ukaniambia kwamba sentensi ile ndiyo sura ya nne, mengine yote ni maelezo yake.

Halafu ile miezi ya kuandika. Tuliprinti nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Ulikuwa unasoma kwa sauti huku unazunguka meza, mimi nimekaa na kalamu nyekundu. Nikisema ni nzuri unakasirika. "Sikukuita unisifie. Nionyeshe palipooza." Mara moja nilikuonyesha, ukaninunia siku mbili, kisha ukaifuta aya yote. Sijawahi kujiona mtu wa maana kama siku hiyo.

Marekebisho ya mtahini yalikuja wiki ileile ajenti alipopiga simu kwamba ndege ni keshokutwa. Ulisimama mlangoni na begi moja, ukasema, "Nitayamaliza kule kule, nikipata muda. Wewe utayapanga tu." Tukakubaliana hivyo. Ukatuma kurasa saba. Kisha ukatuma ujumbe mmoja kwamba wanazikusanya simu, na baada ya hapo hakuna kitu.

Dada, sheria unaijua. Muda wako wa usajili ulikuwa unaisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ikipita hapo, unaanza upya, mada mpya, msimamizi mpya, kana kwamba hukuwahi kukaa kwenye mkeka ule. Na mimi ndiye karani ninayekaa dirishani na rula. Ninapima pambizo la kushoto liwe inchi moja na nusu, la sivyo maneno yatamezwa na jalada. Naangalia namba za kurasa, za Kirumi mbele, za kawaida kuanzia sura ya kwanza. Naangalia nafasi kati ya mistari. Mwisho kabisa naangalia ukurasa wa tamko, pale mwanafunzi anaposema kazi hii ni yake na kutia saini kwa wino wa buluu. Nimewarudisha watu kutoka dirisha lile wakilia. Mmoja alikuja kutoka Gulu na wino mweusi. Nikamrudisha.

Nilidhani nitapanga tu, kama ulivyosema. Nikarekebisha majedwali. Nikasawazisha marejeo, yote mia na kitu, nukta kwa nukta. Lakini kuna ile ripoti ya marekebisho yenye safu tatu: alichosema mtahini, nilichofanya, ukurasa gani. Ile safu ya katikati inaandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Nikaandika "nimefafanua," "nimeongeza," "nimekubali." Kila "ni" ilikuwa wewe na mkono ulikuwa wangu. Mwanzoni nilikuwa nasita kwa kila neno. Kufikia hoja ya tisa nilikuwa sisiti tena, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka.

Hoja ya kumi na nne ilisema: maneno ya mshiriki kuhusu njaa hayahusiani na malengo ya utafiti, yaondolewe.

Wewe ungebishana. Ungejaza ukurasa mzima. Nilianza kuandika, "Nimeyaacha kwa sababu," nikakaa mbele ya hayo maneno tangu asubuhi mpaka watu wakaenda kula. Sababu nilizijua zote, nilizisikia ukizisema. Nikaogopa kwamba wakihoji watakuita ujieleze, na hutakuwepo. Nikaandika "Yameondolewa." Nikayafuta. Aya zikapanda juu, ukurasa ukajipanga vizuri kuliko mwanzo. Unisamehe. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo nisiloweza kumwambia mtu mwingine.

Msimamizi wako alisaini kwenye korido, kwenye goti lake, bila kuuliza chochote. Ikabaki nafasi yako.

Alhamisi saa saba mchana, Madamu, mkuu wa ofisi yetu, alikuwa ameenda chakulani. Nilikuwa na barua yako ya zamani ya kuomba mkopo wa vitabu, nikaitazama saini, ile N inayoanza juu sana. Nilijaribu mara nne kwenye bahasha. Ya tano niliiweka kwenye tamko. Ilitoka safi. Halafu, dada, nikafanya kitu ambacho mwizi wa kweli hangefanya. Kila siku nawaambia wanafunzi, "Weka na tarehe, tarehe ya leo, si ya kukisia." Mkono ukafuata mazoea. Nikaandika tarehe ya siku ileile. Ningeandika ya wiki uliyoondoka, mtu angesema ulisaini mapema ukaniachia. Sasa karatasi inasema ulikuwa Kampala Alhamisi, na pasipoti yako inasema ulitoka Entebbe miezi minne nyuma.

Nilipoiona ilikuwa imeshapigwa muhuri na kuingizwa kwenye daftari. Daftari lile halina kufuta.

Ijumaa Madamu alipitia rundo. Unamjua, vidole vyake vinasoma kabla ya macho. Kidole kikasimama kwenye tarehe.

"Nekesa. Huyu si dada yako aliyekwenda Uarabuni?"

"Ndiye, Madamu."

"Saini ya jana. Kumbe yuko mjini! Bambi, maskini, amerudi na hakuja kunisalimia?"

Dada, nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, na mama yule si mkatili.

"Amechoka na safari," nikasema.

"Kale, sawa. Mwambie apite kabla ya kikao cha bodi. Nataka nimwone. Wasichana wanaorudi kutoka kule, mtu anataka kuwaona kwa macho."

Akacheka kidogo, akaendelea na tasnifu inayofuata. Tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi. Jana alileta ndizi mbivu nikupelekee. Tulizila na Baba, naye akauliza zimetoka wapi.

Bodi inakaa wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Ikipita pale, shahada ni yako. Ikigundulika, yako inafutwa na mimi nafukuzwa, na sijui kama wanaishia kufukuza tu. Ninaweza kuitoa kwenye rundo kabla ya siku hiyo na kwenda kwa Madamu kusema yote. Hapo utapoteza miaka yako, lakini jina lako litabaki safi. Nimepima pande zote mbili kwa wiki tatu na siwezi. Si kazi yangu kuamua. Kila nikikaribia kuamua nasikia kwamba nakuandikia tena ile safu ya katikati.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, hivi ndivyo utakavyonipata. Usipige ofisini, simu ile inapokelewa na Madamu. Usipige kwa Baba. Laini yangu ni ileile unayoijua kwa kichwa. Azima simu kwa yeyote, kwa Zamu, kwa dereva, kwa mtu wa dukani. Usiongee, usije ukasikiwa. Nibipu tu, saa saba mpaka saa nane mchana kwa saa za kwetu, wakati niko peke yangu dirishani. Ukibipu mara moja, naiacha tasnifu pale ilipo, na chochote kitakachokuja nitakibeba. Ukibipu mara mbili, naitoa siku hiyohiyo.

Na kama huwezi kuamua, au umesahau ipi ni ipi, au hujali tena mambo ya vitabu, bipu vyovyote vile. Nitakosea hesabu, nitafukuzwa, haidhuru. Nitakuwa nimejua kuna kidole chako kwenye simu.

Mdogo wako