Ulizo ya ku bariere

Jumanne, mangaribi.

Nilichoka kuona Mama Furaha anapata pointi mingi kupita yangu mu masomo ya Kingereza. Leo mwalimu alituweka siye wawili pamoja, tuulizane: unatoka wapi? Hapa Bunia, tangu vita itulie, hakuna mutu anauliza vile mu Swahili. Ni ulizo ya maaskari ku bariere, pale walifunga njia na kuchagua nani apite, nani auawe. Mu Kingereza ni masomo tu.

Nilijua iko mutu wa Fataki, muji yenye ilichomwa mu vita, na bwana yake hakutoka kule. Nikamuuliza mara tatu. Nikaongeza: na bwana yako, iko wapi? Akalia. Mwalimu akaniambia, "Bravo, unasema muzuri!"

Mama Furaha akapanguza macho, akaniuliza mu Kingereza, polepole: "Na weye mama, kaka yako alikuwa wapi ule mwaka Fataki ilichomwa?"

Maneno yote nilijua. Nikasema sielewi.