Mkono wa Kalunde

Mjini Wote

Dada yangu Mwende,

Mko aje huko Nuu, na mama anaendeleaje? Hapa jua ni kali, hata muthokoi nangoja upoe ndipo nile.

Mwezi uliopita nilimpasua Kalunde, mama msusi wa viondo kutoka Kathonzweni, kumtoa uvimbe ndani ya sainasi, yale matundu ya mifupa nyuma ya pua. Tunapitia puani na kamera nyembamba. Uvimbe ulikuwa umeshikana na mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo, na nilipouvuta, mshipa ukapasuka. Damu ikajaa, nikawa sioni kitu.

"Daktari, kandamiza tu, usiachilie," muuguzi wetu, sista Mutheu, aliniambia, huku akiifyonza damu kwa mpira.

Daktari mwenzangu alikata kipande cha msuli pajani mwa Kalunde, tukakiponda, nikakibandika kwenye tundu na kukishikilia mpaka damu ikakoma. Ambulansi ikamkimbiza Nairobi, na huko mshipa ukazibwa kwa ndani.

Yuko hai, Mwende. Lakini ubongo ulikosa damu, na mkono wake wa kulia haushiki kitu. Jana alirudi kliniki, nikamwambia nasikitika sana.

"Ulinishikilia nisife, mwanangu," akasema. "Lakini kiondo cha arusi ya binti yangu kimebaki nusu."



Jumapili sitakuja nyumbani, nimeomba niwe naye kwenye mazoezi ya mkono. Mwambie mama amwombee, amtaje Kalunde kwa jina. Mungu awatunze, nawapenda.

Kaka yako,
Kioko