Shemeji na kashe za mupaka

Claudette, uko wapi? Mi natoka ku bureau ya kodi ya Rwanda, huku Gisenyi, na Sebagabo, ule shemeji mwenye anajuaka yote. Yampaye inka, ni maajabu!

Si alituambia kwetu, nyumba imejaa watu, eti mwenye anafanya kazi Goma, ku Congo, si mukaaji wa Rwanda, donc hatangazi mapato ya kule? Na mi mujinga nikamwamini. Saluni yangu ya Goma sijaitangaza hata siku moja.

Leo amevaa cravate, anatupa kitabu chake cha mupaka, mihuri imejaa, ku meza: "Madame, angalia kashe zote, kila asubuyi natoka!"

Ule mama wa kodi anageuza kurasa polepole. "Na izi za mangaribi, papa?"

"Izo ni za kurudi."

"Unarudiaka wapi?"

"Kwangu, Gisenyi." Kifua mbele!

Kwangu Gisenyi, Claudette! Kwa kinywa chake!

Mama akasema mwenye makao yake iko huku ni mukaaji, anatangaza yote, hata ya Goma. Kisha akanigeukia mi: "Na we, mama, unalalaka wapi?"

Ningesema wapi, kama si Gisenyi? Formulaire yangu ya kutangaza saluni iyi hapa mukononi.

Sebagabo yeye iko inje, anaeleza sheria watu wenye wako ku mustari. Na wanamusikiliza!