Sufu Ndani ya Milango

Ijumaa, 3 Februari
Mvua: hamna. Joto nyuzi 43 saa nane mchana.

Jana hospitali ya Dubbo tena. Kilomita mia tatu kwenda, mia tatu kurudi, na katikati mke wangu Merle ametundikiwa dawa saa tatu nzima. Katapika mara mbili njiani. Akasema si dawa, ni makelele. Lami ya huku ni kokoto tupu, matairi yanaunguruma mpaka meno yanauma. Akaziba masikio kwa viganja. Nikamwambia kitu, hakusikia. Nikarudia kwa kupaza sauti, akadhani namgombeza. Basi tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Leo kwenye chai akasema hajui kama ataiweza tena safari ile. Hakusema dawa. Alisema safari! Nimeshika hapo. Daktari amesema zimebaki dozi nne, na akikosa hata moja zile za nyuma zitakuwa bure. Dawa siiwezi mimi. Gari naliweza.

Jumapili, 5 Februari
Mvua: hamna.

Nimeweka kwenye simu kitu cha kupima kelele. Nikamchukua Vern, jirani yetu wa kilomita kumi na mbili, aishike wakati mimi naendesha. Mwendo wa mia na kumi: desibeli themanini na mbili. Vern kacheka mpaka kakohoa. Eti miaka arobaini nimekaa juu ya trekta bila kuziba sikio, leo nataka gari kimya kama chumba cha maiti.

Akasikia mwenyewe alichosema. Akageukia dirishani. Lori likatupita, dereva akanyanyua kidole kimoja kwenye usukani, salamu ya huku, nami nikanyanyua changu. Aliposhuka kwake akaniuliza nina msumeno wa kukatia sponji? Sina. Akaniletea wake.

Jumanne, 7 Februari
Mvua: hamna.

Mzigo niliouagiza umefika na gari la posta. Mikeka ya lami ya kuzuia kelele, yenye mgongo wa karatasi ya alumini, sponji, gundi makopo manne. Nimeng'oa viti vyote, zulia, plastiki za milango. Vibanio vimevunjika kumi na moja. Chini ya kiti cha nyuma nimekuta meno ya sega la binti yetu Raelene alipokuwa mdogo, na mbegu za ngano zimeota na kufa.

Kazi yenyewe rahisi kusema. Unasafisha bati kwa spiriti, unapasha mkeka moto, unabandika, unaukandamiza kwa rola mpaka bati likigongwa linatoa sauti ya mti badala ya debe. Kuifanya bandani kwenye joto hili ni habari nyingine. Gundi imenilevya. Magoti haya si yangu tena.

Merle kala vijiko vitatu vya supu.

Alhamisi, 9 Februari
Mvua: hamna. Merle kalala kutwa. Sakafu nusu.

Jumamosi, 11 Februari
Mvua: wingu tu, limepita.

Sakafu imekwisha, na juu ya matairi ya nyuma pia. Mikeka imeisha! Nilipima vibaya, nikasahau milango. Mjinga mimi. Nikiagiza mingine itafika Ijumaa ijayo, na sindano ni Alhamisi.

Nikazunguka banda la kukatia kondoo manyoya nikitafuta chochote. Magunia ya juti, hapana, yana panya. Pembeni ya meza ya kupangia sufu nimekuta gunia moja limefungwa vizuri, lina kibao chenye herufi tatu za A, daraja la juu kabisa, kwa mwandiko wa Merle. Sufu ya mavuno yale ya mwisho, kabla hatujauza kondoo. Nyeupe, ndefu, laini ajabu. Kamba yake mpya, sijui kwa nini.

Miaka thelathini alisimama kwenye meza ile akipanga sufu madaraja, ya kwetu na ya wilaya nzima. Alikuwa anachomoa kishungi, nyuzi chache tu za sufu, anakishika ncha mbili, anakivuta kwa ghafla kando ya sikio. Sufu imara inalia kama uzi wa gitaa. Dhaifu inatoa mchakacho. Wanaume wazima walisimama na kofia mkononi wakingoja sikio la Merle liseme.

Miaka miwili hajaigusa ile. Sasa itamfaa. Sufu inameza kelele kuliko sponji, kila mtu anajua. Sijamwambia. Nataka aione siku ya safari.

Jumapili, 12 Februari
Mvua: hamna.

Milango minne nimeijaza sufu, na juu pia, chini ya kitambaa cha paa. Nimepaka gundi, nimeishindilia kwa ngumi. Merle katoka barazani na gauni la kulalia, kashika nguzo. Akauliza najenga nini, jeneza? Anapenda utani wa namna hiyo siku hizi. Sipendi akitania hivyo. Nikamwambia arudi ndani, ni zawadi. Akasema, haya mzee, nimerudi. Nikabaki na bisibisi mkononi na machozi ya gundi. Ya gundi, naandika, lakini daftari hili halisomwi na mtu.

Jumatano, 15 Februari
Mvua: milimita mbili! Vumbi halikulowa hata.

Nimejaribu mpaka kwenye geti la Vern na kurudi. Sitini na tisa. Kutoka themanini na mbili! Nimesikia saa ya kwenye dashibodi, sikujua kama inatoa sauti. Kuna harufu kidogo. Sufu haikuoshwa, jua likipiga mafuta ya kondoo yanatoka. Kwangu mimi si harufu, ni maisha yetu. Nimeacha madirisha wazi.

Raelene kapiga simu kutoka Perth. Akauliza mama anasemaje. Nikamwambia kesho atalala njia nzima kama mtoto.

Alhamisi, 16 Februari
Mvua: hamna.

Naandika ndani ya gari. Tumesimama kwenye maegesho ya mapumziko kabla ya mji wa Nyngan, chini ya mti mmoja usio na kivuli. Saa nne na dakika kumi. Miadi ni saa sita na nusu. Tukiondoka kabla ya saa nne na nusu tunawahi.

Tuliondoka vizuri. Kilomita ya kumi Merle akageuka kuniangalia. "Mbona kimya hivi?" Nikamwambia ndiyo zawadi yenyewe. Akacheka, cheko lake la zamani. Akaanza kuongea, sauti ya kawaida, kama tuko jikoni. Habari za Raelene, habari za yule dume wa kondoo aliyemwangusha Vern bwawani. Nilijiona mwanamume. Kilomita tisini hivyo!

Jua likapanda. Nikaona ananusa. Akasogeza pua mpaka mlangoni, akaweka kiganja pale, akakiacha.

Akauliza nimetia nini. Nikasema sufu. Sufu ipi? Ile ya gunia, pembeni ya meza.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Niliifunga Oktoba," akasema, "wiki ile tuliyopewa majibu. Nilitaka nilazwe juu yake jenezani, Lindsay. Siyo kwenye nailoni za wale watu wa mazishi."

Oktoba! Kabla ya sindano hata moja. Nimekuwa nikimbeba kwenda na kurudi, nampangia vidonge, nampimia supu, naye ameshajipangia daraja lake na kufunga kamba. Nilikasirika. Naandika ukweli, nilimkasirikia mgonjwa. Nikamwambia, kwa nini basi hukusema?

"Kelele nilizisingizia. Nilikuwa naziweza. Zile kelele zilinisaidia, mzee, maana ulikuwa huwezi kuniuliza kama bado naitaka dawa." Kisha akasema, "Sasa umeziondoa. Haya, uliza."

Nikaona maegesho, nikaingia. Nikazima injini. Sikuuliza. Nilishuka, nikachukua bisibisi, nikafungua mlango wake, nikaanza kung'oa ile plastiki huku yeye amekaa palepale. Ndiyo kazi ninayoijua. Nikatoa sufu kwa mikono miwili, nikamwekea mapajani. Nusu ina gundi, imegandamana, imekuwa ya kijivu. Nilishindilia kwa ngumi, Mungu wangu. Nikamwambia itaoshwa. Nikamwambia nitamwomba Vern, nitazunguka wilaya nzima, nitampata mwenye kondoo wazuri zaidi.

Yeye akaanza kuipanga. Tangu Oktoba sijaona mikono yake ikifanya kazi hivi. Yenye gundi anaitupa miguuni. Iliyosalimika anaikunjua pajani, anaipangusa. Anachomoa kishungi, ncha mbili, kando ya sikio. Anasikiliza. Anakiweka kulia. Kingine. Kushoto.

Lori refu la ng'ombe limepita, mlango ukiwa wazi. Kelele zote za dunia zimeingia. Amengoja mpaka limekwisha, kisha ameendelea.

Saa nne na dakika ishirini na tano. Nimeuliza. Hatimaye nimeuliza, kwa sauti ya kawaida, hakuna haja ya kupaza. Twende au tugeuke?

Amenisikia. Najua amenisikia. Ameshika kishungi kingine sikioni, na ule mkono wenye alama za sindano ameninyooshea kiganja, ninyamaze kwanza