Choo Tulichokipigia Makofi

Mjukuu wangu Tumaini,

Hujambo huko Tunduma? Sisi wa Mlowo wazima, kahawa imechanua, na mama yako ndiye anayeniandikia haya. Umeuliza: wewe diwani mpya, ukiuliza jambo barazani, wenzako si watakuona mjinga?

Nikiwa msichana nauza ndizi sokoni hapa, tuliitwa mkutanoni tusomewe ushuru wetu umefanya nini. Karani akasoma: choo cha soko kimekamilika. Tukapiga makofi, mimi kuwashinda wote. Na nilikuwa nimebanwa tangu asubuhi! Nikasimama.

"Mwenyekiti, samahani, hicho choo kiko upande gani? Niende mara moja."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi akanivuta kitenge: "Kaa chini, unatuaibisha!"

Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama karani, karani akatazama karatasi yake. Mkutano mzima tukatoka kukitafuta, tukakuta shimo limeota magugu. Mimi nikakimbilia kwenye migomba.

Choo kilijengwa mwaka uleule.

Uliza, mwanangu. Na ule vizuri, pichani umekonda. Wakikucheka, subiri wamalize, halafu uliza tena.

Bibi yako, ambaye hajawahi kukuona mjinga.